Nyama Imeenda Mjini, Mfupa Unasema ya Nyumbani

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na kwanza kabisa sijui nikuamkie au nikuitikie, maana picha yako gazetini wameiweka ndogo kama stempu, mtu hajui kama wewe ni binti au ni bibi mwenzangu, basi pokea vyote viwili, shikamoo na marahaba, uchague unachotaka.

Mimi kuandika sijui, shule ilikuwa ng'ambo ya mto na daraja lilichukuliwa na maji, walipokuja kulijenga mimi nilikuwa nimeshaolewa. Anayeandika hapa ni Tadija, mpeleka barua wetu, anaandika ninavyosema neno kwa neno, rakija yake, pombe yetu kali ya matunda, iko pale kabatini na hapewi mpaka tufike mwisho, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia ujue sababu ni hiyo. Tadija, usicheke, andika.

Sasa sisi tuko mlimani, tuna kondoo, tumekuwa nao tangu enzi za baba mkwe wangu, mtu mkali yule, alikuwa akipiga chafya mbwa wanaingia uvunguni, lakini hilo tuliache. Mwanangu Milun anachunga, mke wake Zagorka anauza, na mjukuu wangu Vida ndiye anayefungasha. Zamani mtu akitaka nyama anapanda mwenyewe mpaka hapa, anakaa, anakunywa, anamchagua mwanakondoo kwa macho yake, anaondoka kesho yake na kichwa kinamuuma. Siku hizi watu wa mjini Podgorica hawataki kupanda, wanataka mlima uwafuate ghorofani. Zagorka akanunua mashine ya kunyonya hewa, unaweka nyama kwenye mfuko inapiga kelele kama mtoto aliyenyimwa ziwa, mfuko unagandamana, unaweka kwenye boksi la povu na chupa za maji ya kugandisha pembeni, dereva wa kombi anateremsha. Mimi nikamwambia, Zagorka mwanangu, nyama haifungwi ikiwa na joto, ining'inie kwanza ghalani mpaka ipoe hadi ndani ya mfupa, ukiifunga ina joto itatoka jasho na ikitoka jasho imeharibika. Akaniambia, "Mama, wateja wanasubiri." Kwani wako mahabusu?

Na kwenye boksi ameweka sura yangu. Kweli kabisa, lebo yenye sura yangu na kilemba, Vida alinipiga picha nikiwa nimekasirika kwa sababu jua lilikuwa machoni, Zagorka akasema uso wa hasira ndio unaouza. Akaandika na jina la mwanakondoo kwenye lebo, kwamba wateja wanapenda kujua. Basi mama mmoja akapiga simu analia, kasoma kuwa bega analochoma ni la Garava, eti sasa hawezi kula, tumwambie Garava alikuwa na tabia gani. Nikamwambia alikuwa mwizi wa kabichi. Akaacha kulia, akala.

Sasa mambo yalianza hivi. Siku moja mteja alipiga simu kulalamika kwamba bega lina mfupa mkubwa, kwa nini analipia mfupa, nami kwa kuwa Zagorka alikuwa bafuni nikaishika simu mwenyewe, nikamwambia, dada, mfupa huo usiutupe, chambua nyama kwa vidole, usiuguse kwa kisu wala kwa meno, uinue kwenye mwanga wa dirisha, niambie unaona nini. Maana mimi mfupa wa bega nausoma, nilifundishwa na baba mkwe, mlimani kwetu wazee wote walikuwa wakisoma, kishimo cheusi ni kaburi, kishimo cheupe ni kitanda cha mtoto, mstari mrefu ni njia, ukungu ni maji, na kadhalika. Yule mama akasema anaona vile, nikamweleza hivi, akafurahi mno, akaagiza nyama nyingine. Kumbe Zagorka ametoka bafuni amesimama nyuma yangu na povu kichwani.

"Mama! Hiyo ni biashara!"

"Hiyo ni mifupa," nikamwambia.

"Mama, Podgorica nzima inauza nyama ya mlimani. Nani anauza na bahati ndani yake?"

Toka siku hiyo kila boksi lenye bega linakwenda na kikaratasi, kwamba usiguse mfupa kwa kisu, piga picha, tuma, Bibi atakusomea bure. Bure! Macho ni yangu! Mimi nikawa nakaa na simu kila jioni natazama mifupa ya watu, wengine wanatuma na miguu yao imetokea chini ya picha. Mama mmoja mwenye sauti ya ukali, nikamwambia naona njia ndefu inatoka mlangoni kabisa, akasema, "Itakuwa Ugiriki," akakata simu bila asante. Mwanamume mwingine nikamwambia naona ugomvi ndani ya nyumba, akasema hakulipia ugomvi, anataka bega jingine. Na Zagorka akampelekea! Na soseji juu yake, za kuomba radhi! Halafu akanigeukia, "Mama, kuanzia leo sema mazuri tu." Nikamwambia mfupa si redio kwamba huupendi wimbo unageuza stesheni.

Sasa mshauri nisikilize hapa, Tadija andika vizuri hapa. Kuna jambo nililijua tangu mwanzo nikalinyamazia. Baba mkwe alisema mfupa wa bega unasema habari za nyumba iliyomlisha yule mwanakondoo. Nyumba iliyomlisha. Sio nyumba iliyomla. Zamani haikuwa na shida kwa sababu tulifuga wenyewe tukala wenyewe, nyumba ni hiyo hiyo. Lakini hizi nyama za kwenda mjini nikajiuliza, mtu akinunua bega, na bahati iliyomo ananunua? Nikamuuliza Zagorka, akasema, "Wamelipa, ni yao, na kila kilichomo ndani, na kodi ya serikali ndani yake." Nikaona pengine ni hivyo, mimi si msomi. Lakini nikamwambia mteja mmoja, daktari wa meno, naona maji yanaingia nyumbani, yeye kwake kukavu, kwetu bomba likapasuka na viazi vikaelea ghalani kama bata. Nikamwambia mwalimu mmoja mstaafu naona mnyama mkubwa anaanguka, yeye anakaa ghorofa ya sita ana kasuku, sisi ng'ombe wetu Rumena akaporomoka bondeni akavunjika mguu. Nikanyamaza. Nikasema labda ni bahati mbaya tu. Zagorka akasema, "Nyamaza hivyo hivyo, mama."

Halafu akaja Madam Kosara. Huyu ni mteja wetu mkubwa, mjane wa mtu wa benki, anaagiza kama ana jeshi. Akapiga simu siku ya Jumapili anahema.

"Bibi, naona kishimo!"

"Kiko wapi?"

"Karibu na shingo ya mfupa, kimelala kama yai."

"Cheusi au cheupe?"

"Cheupe, bibi, cheupe kama maziwa!"

"Basi hicho ni kitanda cha mtoto," nikasema, ningefanyaje, niliulizwa nikajibu. Akapiga ukelele mbwa wetu akaamka kwenye zulia. Kumbe ana mwana mmoja tu na mkwe, anaitwa Irena, wanaishi naye nyumba moja, wameoana zamani na hawana mtoto. Kesho yake Kosara kanunua kitanda. Kapaka rangi. Kamnyima mkwe wake kahawa, kamkataza kubeba mifuko, kawatangazia majirani wa ghorofa zote, na kila boksi la nyama analoagiza anasema tumuwekee maini mazuri kwa ajili ya Irena.

Juzi simu ikalia, sauti ndogo kabisa, nasikia na magari, alikuwa barazani kwake amejifungia nje.

"Bibi, mimi ni mkwe wa Kosara."

"Hongera mwanangu!"

"Usinipe hongera." Akashusha sauti zaidi. "Daktari alishatuambia zamani haitawezekana. Mume wangu anajua. Tulishalia, tukamaliza, tukatulia, mama tukaamua tumwambie taratibu. Sasa kila asubuhi ananitazama tumbo kabla hajanitazama uso. Kile kitanda kakiweka chumbani kwetu. Najigonga nacho nikiamka. Bibi, tafadhali, mwambie ulikosea."

Na mimi, mshauri, sijui ni kiburi au ni uzee, nikamwambia, "Mwanangu, mfupa haukosei."

Akasema, "Basi niliyekosea ni mimi." Akakata.

Sijala vizuri tangu siku hiyo. Hata kachamak, ugali wetu wa mahindi, haishuki, na mimi kachamak yenye malai ya kaimak sijawahi kuiacha hata siku ya mazishi ya mume wangu, watu wanakumbuka, Tadija anatikisa kichwa, anakumbuka.

Na sasa lile la mwisho. Kama mfupa ni wa nyumba iliyomlisha mwanakondoo, kile kitanda cha mtoto si cha Kosara. Ni cha kwetu. Mimi nimeshapita, Zagorka naye ameshapita. Anabaki Vida. Vida ana miaka ishirini na sita, hajaolewa, na tangu kiangazi akiwa kwenye mashine ya kufunga nyama ghafla anaacha kila kitu anatoka nje anashika ukuta. Zamani alikuwa akiimba anapofungasha, sasa haimbi. Maji ya matango ya chumvi anayanywa kutoka kwenye mtungi. Na yule dereva wa kombi alikuwa anakuja siku nyingine hata kama hakuna mzigo, sasa haji hata mzigo ukiwepo, anamtuma mdogo wake. Baba yake, huyu Milun wangu, ni mtu mzuri lakini mdomo wake ni moto wa majani makavu, alishasema mezani, mbele ya Vida, habari za binti wa jirani aliyepata mimba kabla ya ndoa, kwamba angekuwa binti yake yeye angemwonyesha mlango.

Nikimwambia Kosara ukweli kuhusu mifupa, wateja wote watajua tuliwasomea habari zetu, biashara ya Zagorka imekwisha, na wa kwanza atakayefikiri atauliza, sasa kitanda hicho ni cha nani? Nikinyamaza, yule Irena anaendelea kujigonga na kitanda kila asubuhi. Niseme au ninyamaze? Na nikisema, nianze na nani? Nisaidie haraka. Vida ndiye anayefungasha boksi la Kosara kesho kutwa. Tadija, basi, kunywa.

Bibi wa kwenye lebo


MSHAURI ANAJIBU

Bibi wa kwenye lebo, shikamoo ninakupa mimi, sijafika umri wako, ingawa nilipomaliza kusoma barua yako nilijiona nimezeeka. Majina nimebadilisha yote, ya ng'ombe pia. Tadija, wewe unayemsomea, usiruke mstari hata mmoja, na chupa iweke mbali.

Tuanze na kiburi chako, kwa kuwa wewe mwenyewe umekitaja halafu ukakipita mbio. Mwanamke amekupigia simu amejifungia barazani anakuomba neno moja, "nilikosea," na wewe ukamlinda mfupa wa kondoo. Mfupa hauna machozi, bibi. Hukuwa na haja ya kujua mifupa inasema ya nani. Ulichotakiwa kujua ni kwamba anayelia ni mtu. Nakuelewa, ufundi uliofundishwa na baba mkwe mkali ni vigumu kuusaliti. Lakini baba mkwe wako hakuwahi kusomea mtu asiyemwona usoni, na wewe umewasomea watu kwa picha zenye miguu yao.

Kwa hiyo leo, sio kesho, unampigia Kosara. Unamwambia: nilikosea, mfupa ule ulikuwa unasema mambo ya nyumba yetu, huku kwetu ndivyo inavyokuwa, mimi nililijua hilo na sikusema. Halafu unamwambia na hili, kwa sauti ile ile uliyomwambia yule mama habari za Garava na kabichi: kitanda kitoke chumbani mwa watu wale, kahawa irudi. Lakini habari za daktari, bibi, ni za Irena na mumewe, watasema wenyewe siku watakayotaka, wewe usizitie mdomoni. Kosara atalia. Mwache alie, ni haki yake, naye alikuwa akitamani kitu. Atakasirika na ataacha kuagiza. Mwache aache. Kisha unampigia Irena, na huyu humwelezi mifupa hata kidogo. Unamwambia umeshasema, na unamwomba radhi. Basi. Usiongeze maneno, nakujua sasa, wewe unaongeza.

Zagorka, najua na wewe utasomewa. Kikaratasi kitoke kwenye boksi. Biashara yako haitakufa kwa kukosa bahati ndani, itakufa kwa nyama iliyofungwa ina joto. Mama mkwe wako amesema, ining'inie ghalani ipoe mpaka mfupani, ndipo mashine. Nina ushahidi: mfuko uliofika kwangu ulikuwa umetoka jasho kuliko mimi niliyeupandisha ngazi.

Naam, kwangu. Yule mama mwenye sauti ya ukali ni mimi. Sauti ni ya kazi, usinikasirikie.

Sasa Vida. Bibi, umesoma mabega ya Podgorica nzima, na uso ulio mbele yako mezani hukuusoma mpaka mfupa ukakutajia. Msichana haimbi, anashika ukuta, anakunywa maji ya matango, na wewe ukamwambia mpeleka barua. Halafu ukaniambia mimi. Kwa kupitia mimi umeliambia gazeti. Aliyebaki hajaambiwa ni yeye mwenyewe! Wewe unauliza uanze na nani? Huko nyuma nimekupangia simu kwanza, sasa nageuza: simu zote zitasubiri, unaanza na Vida. Huanzi na "ni nani," wala "umefanya nini." Unamwambia, mjukuu wangu, mashine hii iache leo, kaa nami. Inawezekana hana mimba, inawezekana amechoka tu na harufu ya nyama na dereva aliyemkimbia, na hilo nalo linatosha mtu kukaa naye. Kama anayo, ataamua mwenyewe kilicho chake, na wewe utakuwa upande wake kabla hajachagua upande. Na huyo Milun mwenye mdomo wa moto, wewe ndiye uliyemzaa. Mwambie mbele ya sahani yake kwamba mlango anaotaka kuwaonyesha watu ni wa nyumba aliyoikuta wewe umo ndani, na atakayetolewa, utatangulia wewe na kilemba chako. Uso ule wa kwenye lebo, huo huo. Utauza.

Nilipofika hapa nilitaka kufunga. Nimeandika "nakutakia heri," nikafuta.

Mimi mifupa siiamini, bibi, niseme wazi, wasomaji wangu wananijua. Lakini uliponiambia unaona njia ndefu inatoka mlangoni kabisa, nilinunua sanduku. Jekundu, la magurudumu, liko hapa chini ya meza, nalisukuma kwa mguu ninapokuandikia. Nilishamwambia na mhariri kuhusu Ugiriki. Sasa wewe mwenyewe unasema mfupa unasema ya nyumba iliyomlisha mwanakondoo. Basi njia ile sio yangu, inaanzia mlangoni kwenu, na kwenu aliyesikia mezani kwamba mlango upo ni mmoja tu.

Kwa hiyo weka gazeti chini, ingia chumbani kwa Vida, utazame chini ya kitanda chake. Ukikuta begi limefungwa, usilifungue wala usimwite mtu. Likalie, umsubiri arudi.